Ibara ya Saba ya Pikapu

Katika shamba la akina Hnatiuk, kilomita sitini kutoka mjini, pikapu ya bluu haikuendeshwa kwenye theluji na mtu yeyote kabla Babu Ostap hajaikagua. Sheria za ukaguzi zilikuwa saba, zimeandikwa kwa kalamu ya seremala juu ya mlango wa banda, na ya saba ndiyo iliyotisha kuliko zote: Atakayeondoka na waya hatagusa ufunguo mpaka theluji iyeyuke.

Waya huo ulikuwa wa kupasha injini. Baridi ikifika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, gari hulala limechomekwa kwenye umeme. Usipofanya hivyo, asubuhi unawasha jiwe. Na kila mwaka hakosekani mtu anayewasha gari lake lililopata joto vizuri, akaondoka kifua mbele, huku nyuma anaburuta waya na kipande cha ukuta. Mwaka uliopita alikuwa Roman, kaka yake Oryna. Aliomba lifti mpaka Aprili.

Oryna alikuwa na miaka kumi na saba, nahodha wa timu ya mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, na nusu fainali ilikuwa mjini saa nane mchana huo; nyumba nzima ingekwenda kutazama. Asipopata ufunguo, angepelekwa na Shangazi Halyna, mama mcha Mungu aliyeendesha gari kana kwamba amebeba mayai ya jirani. Wangefika wakati wapinzani wameshapewa ushindi wa bure.

Lakini Oryna hakuwa na wasiwasi. Alisimama kando ya pikapu kama balozi anayepokea rais.

"Mheshimiwa mkaguzi, karibu."

"Usiniletee uheshimiwa hapa," Babu akasema. "Mchanga umeuweka wapi?"

"Magunia manne, juu ya ekseli ya nyuma. Nimeyafunga kwa kamba."

"Si ungeyaweka mlangoni kule nyuma kabisa, rahisi kushusha?"

"Uzito ukikaa mkiani, pua inanyanyuka, usukani unabaki pambo. Mimi naenda mjini, Babu, siendi mbinguni."

Babu akakohoa. Kwake yeye, kikohozi kile kilikuwa makofi.

Akapapasa matairi ya theluji, akakuta meno yake marefu. Akafungua boneti, maji ya rejeta yalikuwa yale yasiyoganda. Tangi limejaa. Nyuma ya kiti kulikuwa na beleshi, blanketi, nyaya za kubustia betri, na mshumaa ndani ya kopo.

"Mshumaa wa nini? Unakwenda kusali?"

"Nikikwama. Nauwasha, naacha dirisha wazi kidogo, nasubiri watu wanikute mzima."

"Breki ya mkono umevuta?"

"Ili igande? Thubutu!"

Hapo mzee akaanza kuona aibu. Mkaguzi asiyepata kosa hana tofauti na mpita njia.

"Ostap!" Bibi Paraska akaita kutoka kibarazani. "Mpe mtoto ufunguo, chakula kinapoa!"

"Mkaguzi hahongwi kwa chakula!"

"Haya, basi mkaguzi hali."

Ndipo Babu alipoiona glavu nyekundu iliyofungwa kwenye kioo cha upande wa dereva. Uso wake ukang'aa.

"Na hii takataka?"

"Ukumbusho. Ili nisisahau..."

"Miaka hamsini na miwili naendesha kwenye theluji, sijafungiwa glavu kama mtoto wa chekechea!" Akaifungua, akaitupa kitini, akapanda. "Naizungusha uani mara moja, nione breki."

"Babu, wa..."

"Kimya! Mkaguzi hafundishwi kazi."

Oryna alikuwa amelelewa vizuri. Mkubwa akisema kimya, mtoto hunyamaza. Akanyamaza kwa adabu kubwa sana.

Pikapu ikaondoka. Waya ukanyooka kutoka ukutani, ukalia kama uzi wa gitaa, kisha paa! Soketi ikaruka, ikatua miguuni pa Bibi Paraska. Babu akazunguka ua mara mbili, ametabasamu, mkia wa rangi ya chungwa ukimfuata kwenye theluji kama nyoka mwaminifu.

Alipoteremka akauona. Kisha akaona wanaume wengine wote wa nyumba ile, yaani Roman peke yake, wamekaa chini wakicheka mpaka machozi yanaganda.

"Ile sheria," Babu akasema taratibu, "niliwaandikia vijana."

"Imeandikwa 'atakayeondoka'," Bibi akasema, soketi mkononi. "Mwandiko wako naujua."

Babu akautazama ufunguo kama mtu anayemuaga ndugu, akauweka kwenye kiganja cha Oryna. Ng'ambo ya ua, Shangazi Halyna alikuwa ameshaanza kupasha gari lake, akiimba wimbo wa kanisani.

"Oryna," mzee akaita kwa sauti ya asali. "Mbele kuna nafasi?"

Oryna alikuwa akiifunga glavu yake kwenye kioo.

"Ipo. Ila abiria nao hukaguliwa, Babu. Kung'uta buti hizo."