Kondoo Aliyenyolewa Ubavu

Mashine ya kunyolea manyoya pale maabara ilikata roho asubuhi ile ambayo roho ya mtafiti mwenyewe ilikuwa haitulii. Kondoo wake, waliyemwita Malkia, alikuwa amedhoofishwa moyo kwa ajili ya utafiti, maana moyo dhaifu hujaza mapafu maji. Mtafiti alitaka kujua kama ultrasaundi ingeona maji yakijaa mapafuni kabla mnyama hajaanza kuhema. Lakini ultrasaundi haipiti kwenye sufu, na ile iliyonyolewa wiki iliyopita ilikuwa imeota tena.

Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, kinyozi.

"Shemeji, njoo na mashine yako. Kuna mteja."

"Anataka mtindo gani?"

"Ubavu tu."

Kinyozi alipofungua mlango akamkuta mteja anatafuna majani, alicheka mpaka akashika ukuta. Hata hivyo kazi ni kazi. Alimvisha Malkia kitambaa shingoni, akamnyoa ubavu ukawa laini.

"Huyu mzima kama mimi," alisema.

Mtafiti alipaka jeli, akagusisha kifaa. Wiki iliyopita mapafu yalionekana meusi, safi. Sasa mistari myeupe ilishuka kwenye skrini, mingi, imesongamana.

"Maji! Shemeji, maji haya hapa, na mwenyewe hana habari!" Alimkumbatia kinyozi, jeli na yote, akaanza kucheza.

"Mwenzio anaumwa, wewe unacheza?"

"Nacheza kwa sababu tumemuwahi!"

Akamdunga Malkia dawa ya kukojoza ili maji yamtoke, wakasubiri. Malkia alisimama kwa heshima zake zote, akakilowesha kiatu cha kinyozi chapachapa.

"Loo! Mteja gani huyu!"

Mtafiti alipima tena. Mistari ilikuwa imepungua. Baadaye kidogo akapima tena, mapafu yakawa meusi kama zamani. Wakashikana mikono, wakazunguka meza wakipiga vigelegele.

Ndipo akaingia msimamizi wa mtafiti, mama asiye na masihara. Akatazama picha ya kabla ya dawa, akatazama ya baada, akarudia ya kabla. Akavua miwani.

"Mmelipata jibu," alisema, kisha akaangua kicheko chembamba ambacho hakuna aliyewahi kukisikia mle ndani.

Mtafiti alikimbilia simu kumpa mumewe habari. Akaangua kicheko kabla hajatamka neno, na mume, kule aliko, akaanza kucheka naye bila kujua anachekea nini.