Abiria Aliyenishtaki

"Nikimuuliza yule dada alikunywa bia ngapi jioni ile, wiki ijayo unalala kwako," wakili wangu aliniambia kupitia wavu wa chumba cha wageni. "Nikimuuliza ana wanaume wangapi, hata wiki haitaisha."

"Ha... ha... hapana," nikasema.

Bibi Hanitra, mtetezi niliyepewa na mahakama bila malipo, akalifunga jalada lake kwa kishindo. "Wewe Solofo, miezi kumi na minne ya rumande haijakutosha? Hii ni kesi ya kubaka, si ya kuiba bata. Ukifungwa, mwanao atakuja kukusalimia ana ndevu."

Nilijua. Lakini katika seli yetu, tulimolala ubavu kwa ubavu kama dagaa juu ya ungo, mwenzetu mmoja alikuwa ametokea mlango huohuo wa maswali ya kumwaibisha mwanamke. Siku ya kuachiwa alirudi kuchukua blanketi lake, akatuigizia jinsi mwanamke alivyoulizwa na kuulizwa hadi akabaki analia tu. Kisha akainama, akatunong'oneza huku akicheka: "Na nilifanya." Tangu hapo nikajua kuna uhuru unaonuka.

Isitoshe, Lalatiana, dada aliyenishtaki, hakuwa mwongo. Asubuhi ya siku ile ya balaa nilimvuta kwenye riksho yangu kutoka stesheni, mji wetu wa Antsirabe ukiwa bado umejifunika ukungu, naye njia nzima akinisimulia mitihani ya mdogo wake. Jioni mtu alimburuta nyuma ya ukuta wa kiwanda. Polisi walipotupanga wavuta riksho mbele yake, sura iliyomjia ni ile aliyokuwa ameizoea tangu asubuhi. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa mimi.

Hayo yote nilimweleza Bibi Hanitra kwa vipande, neno moja likimngoja jingine. Aliniangalia mdomo muda mrefu. Halafu akafungua tena jalada.

Mahakamani alimwuliza Lalatiana jambo moja tu, tena kwa upole.

"Dada, mtu yule alikwambia nini?"

Lalatiana alifumba macho, akayarudia maneno yale: vitisho virefu, vimefuatana bila pumzi.

"Hakukwama popote?"

"Hata mara moja. Alisema kama mtu anayesoma."

"Pole, dada. Sina swali jingine."

Kisha nikaambiwa nitaje jina langu na la kijiji changu. Nilivyokwama kwenye kila silabi, wali ungeiva kabla sijamaliza. Mwendesha mashtaka akaruka: eti naigiza! Ndipo akaitwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, mzee Ravelo, aliyekuja kutoka Betafo na kofia yake ya ukili mkononi.

"Mheshimiwa, kwa ajili ya ulimi huu nilimchapa mpaka nikaona haya mwenyewe," alisema. "Kama anaigiza, basi ameanza akiwa na miaka saba."

Niliachiwa. Mke wangu Voahirana alipiga magoti palepale sakafuni. Lalatiana alikuwa akitazama mikono yake, nami sikuweza kushangilia, maana kwake yeye hukumu ile ilikuwa na maana moja: aliyemtenda bado anatembea. Mpaka leo hajakamatwa.

Karatasi ya mahakama haifungi midomo ya watu. "Ficheni dada zenu, Bwana Kigugumizi karudi!" wavuta riksho wenzangu walipiga kelele, na waliocheka zaidi ni wale niliokuwa nakula nao sahani moja. Vitumbua alivyouza Voahirana vilikuwa vinapoa kwenye beseni hadi jioni. Miezi mitatu nilivuta mkaa na matofali. Mwanamke hata mmoja hakupanda.

Jumamosi moja, siku ya soko, Lalatiana alitokea stesheni na kikapu chake. Aliupita mstari wote wa riksho. Kelele zikakatika. Akasimama mbele yangu.

"Nipeleke sokoni."

Nilivuta bila kugeuka. Niliposhika kilima, akasema nyuma yangu, "Simama." Nikasimama.

"Najua si wewe. Kichwa kinajua. Lakini nikilala, ni sura yako inayokuja. Nimekuja niizoee mchana. Geuka, kaka."

Nikageuka. Sijui nilimtazama wapi, nadhani mabegani. Yeye alinitazama usoni, machozi yakimtoka bila kuyafuta, mpaka kundi la watoto wa shule likatupita na kutokomea bondeni.

"Haya," akasema. "Twende."

Sokoni alishuka mwenyewe, watu wakitukodolea macho kutoka vibandani.

"Nitamaliza saa sita," akasema kwa sauti ya kusikika. "Unisubiri."

Nikaegesha riksho kando ya wauza karoti. Haikupita muda, mama mmoja mwenye kuku wawili akanijia, akaniuliza kama nina abiria.

Nikamjibu kwamba ninaye, labda arudi baada ya saa sita.