Nywele za Nyamalulu

Mimi ndiye Mzee wa Hoja. Kama huwa unasoma ukurasa wa Habari za Kanda mtandaoni, tumeshakutana, na kama hatujakutana basi hongera, una kazi za kufanya. Picha yangu ni dume la ng'ombe lenye nundu. Jina langu la ubatizo ni Monika, nina miaka hamsini na miwili, nina duka la madaftari na fotokopi mjini Geita, na sijawahi kuwa mzee wa kiume hata siku moja.

Nilianza kwa jina langu halisi. Chini ya habari ya umeme wa jua niliuliza kwa adabu zote: betri zikifa zitatupwa wapi? Wanaume kumi na saba walinijibu. Kumi na sita waliniambia nirudi jikoni, na wa kumi na saba akaomba namba yangu ya simu. Wiki iliyofuata nikafungua akaunti ya Mzee wa Hoja, nikauliza swali lilelile, neno kwa neno, nikaitwa hazina ya taifa.

Tangu hapo sikushikika. Wanasayansi wakigundua sayari mpya, nauliza kama huko maji ya bomba yanatoka, maana sisi wa sayari hii bado tunasubiri. Wakileta roboti ya kufundisha shule, nauliza kama nayo itapangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu. Wakitangaza simu inayokunjwa, nasema yangu ilikunjika siku nyingi, niliikalia. Watu walisoma kichwa cha habari, wakairuka habari yenyewe, wakaja moja kwa moja kwangu. Nisiwe mnafiki, ilikuwa tamu. Asubuhi kabla sijafungua duka nilianza kwa kuhesabu nyuso za kucheka, sala ya malaika wa Bwana ikafuata baadaye kama muda uliruhusu.

Basi mwezi wa tatu ukurasa ukaweka habari ndefu kuhusu Nyamalulu, machimbo madogo ya dhahabu, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka mjini. Watafiti wangekaa wiki mbili kwenye shule ya pale kupima zebaki miilini mwa akina mama wanaonyonyesha. Kila mama angetoa mkojo kidogo na nywele chache za kisogoni, bure, na majibu angepewa mwenyewe.

Nywele! Hebu fikiria. Hao wasomi walikuwa wamefika na mashine za mamilioni, na hapakuwa na hata mmoja wa kuwaambia wamefika wapi. Huku kwetu mtu akinyolewa huzikusanya nywele zake mwenyewe, akazifunga kwenye karatasi, akaenda kuzitupa chooni kwake. Kinyozi anayefagia haraka hupoteza wateja. Kila mtu amesikia habari za tajiri fulani, ambaye hatajwi jina na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, halijulikani liko wapi, aliyepeleka nywele za mtu kwa mganga na kesho yake akaukuta mwamba umejaa dhahabu, huku mwenye nywele akianza kukauka kama muwa uliong'olewa.

Mimi siamini hayo. Nimesoma hadi kidato cha nne na nilikuwa wa tatu darasani kwa baiolojia. Ndiyo maana niliandika, kwa kuwacheka wanaoamini: "Mkojo wapeni, hauna soko. Ila nywele za mama anayenyonyesha? Ndugu zangu, nani huku kwetu hajui zinatafutwa na nani? Mwezi ujao msikie kuna mtu kaangukia mwamba mnono, halafu mje mniambie mzee alinyamaza."

Nyuso elfu nne za kucheka. Sijawahi kufika elfu nne. Mmoja akaandika, "Mzee umeua." Mwingine akaandika, "Mzee haongopi, shemeji yangu ilimtokea hivyohivyo Maganzo kwenye almasi." Huyo wa pili ndiye aliyepaswa kunishtua, lakini nilikuwa nimeshamwekea alama ya moyo.

Siku ya kumi na tatu ya utafiti akaingia dukani dada mmoja mwenye koti jeupe na macho mekundu. Aliitwa Theopista, nesi wa ule utafiti, na alitaka fotokopi za fomu.

"Nyingi?" nikamwuliza.

"Ishirini zitatosha. Tulipanga akina mama mia moja na ishirini. Waliokamilisha vipimo ni tisa."

"Jamani. Kwa nini?"

"Kuna mzee mpumbavu mtandaoni, mwenye picha ya ng'ombe. Kasema nywele tunapeleka kwa waganga. Wamama wanatuletea vichupa vya mkojo wenyewe, tena vimejaa pomoni, ukishika mkasi wanakimbia."

Nikageukia mashine. Mashine yangu huchelewa kupata moto, na siku hiyo nilishukuru. Nikamwuliza, kama mtu anayepoteza muda tu, hiyo zebaki kwani inafanya nini. Akanieleza taratibu, kama alivyozoea kuwaeleza watu wasiomsikiliza. Moshi wake hauonekani vizuri. Mama akiuvuta, na mtoto akiwa naye, huwa unamwingia mtoto zaidi maana ubongo wake bado unajengeka. Shingo inakuwa legelege. Anachelewa kukaa. Wengine mikono inatetemeka.

"Anachelewa kukaa mpaka lini?" nikauliza.

"Miezi tisa akiwa hajakaa, mimi nataka kumwona."

Mjukuu wangu Enock ana miezi kumi na moja. Ukimkalisha anamwagika upande. Mama yake ni binti yangu Loveness, na Loveness ameolewa Nyamalulu.

Naomba nieleze kinachofanyika huko, kwa sababu nilikijua na nilikiona, wala sina pa kujificha. Zebaki hukamata vumbi la dhahabu likawa kidonge. Kidonge huwekwa kwenye moto, zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Kazi hiyo ingeweza kufanywa nje kwenye upepo, lakini nje kuna majirani, na mchimbaji mwenye akili haoneshi jirani ukubwa wa dhahabu yake. Kwa hiyo Meshack, mkwe wangu, kama wenzake wote, huchomea jikoni, mlango umefungwa, mkewe akipepea mkaa na mtoto yuko mgongoni. Kikaango wanachotumia niliwapa mimi siku ya harusi. Nilijivunia kuwa wanakitumia.

"Tunaondoka kesho jioni," Theopista akasema, akachukua fomu zake.

Nikafunga duka nikashika simu. Mzee wa Hoja akaandika maneno ya maana kwa mara ya kwanza maishani mwake: kwamba ule ulikuwa utani, kwamba nywele zinakwenda maabara, kwamba akina mama wa Nyamalulu waende kesho wasikose. Nikasubiri. Jibu la kwanza: "Akaunti ya mzee imedukuliwa." La pili: "Mzee kanunuliwa." La tatu lilitoka kwa mtu ambaye kwa miaka minne alikuwa ananiita baba: "Tunajua wewe siye. Mrudishe mzee wetu." Nikabishana nao mpaka chaji ikaisha. Kadiri nilivyoapa kuwa ni mimi ndivyo walivyozidi kupata ushahidi kuwa siye. Mzee wetu, walisema, hajawahi kuongea hivi. Na kweli, hajawahi.

Asubuhi yake nikapanda bodaboda. Loveness nilimkuta uani anafua, Enock amelazwa kwenye mkeka kivulini, anaangalia juu.

"Shikamoo mama. Mbona ghafla?"

"Marahaba. Meshack yuko wapi?"

"Yuko karasha, wanasaga mawe. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Umekwenda kupima zebaki?"

Akacheka, akakamua nguo. "Mkojo nilipeleka. Nywele siwezi, mama. Si unajua mambo ya huku? Kuna mzee mmoja mtandaoni katufumbua macho. Yule mzee ana akili sana, Meshack anasema angekuwa mbunge."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya kimama, yote yakapotea.

"Loveness, yule mzee ni mimi."

"Mzee yupi?"

"Wa Hoja. Mwenye ng'ombe."

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu mwenye homa. "Mama, jua limekupiga njiani. Ngoja nikuletee maji."

"Ni mimi, nakwambia."

"Yule ni mwanaume, mama. Tena msomi. Aliwahi kujibizana na profesa."

Sijui niseme nini kuhusu furaha niliyoisikia hapo, kidogo tu, ya kijinga, katikati ya balaa lote lile. Binti yangu ananisifia na hajui. Nikaitoa simu, nikafungua akaunti, nikampa. Akaona ng'ombe. Akabonyeza, akaona sehemu ya kubadili picha, ambayo huonekana kwa mwenye akaunti peke yake. Akajikausha mikono kwenye khanga taratibu.

"Kwa hiyo hakuna mganga?"

"Hakuna. Wale ni manesi. Nilikuwa nawacheka nyie tu."

"Nyie nani, mama?"

Nikasema, "Watu wanaoogopa."

Alikuwa ameanza kushuka chini kwenye simu, akisoma maneno yangu, moja baada ya jingine, na mimi nikamwacha asome, nikidhani kila anachosoma kinanisaidia kuthibitisha. Sayari. Roboti. Simu ya kukunja. Mara mbili nikaona mdomo wake unataka kucheka. Nikajipa moyo. Nikaanza hata kumhimiza, nikamwambia achukue kitenge twende, wale watu wanafunga jioni, Theopista ni dada mzuri na nywele zenyewe ni chache, hazifiki hata unene wa sindano.

Kidole chake kikasimama.

Akanigeuzia simu. Ilikuwa habari ya miezi miwili nyuma: daktari alikuwa anawashauri wazazi wasisubiri, mtoto asipokaa akifikisha miezi tisa apelekwe akaangaliwe. Ushauri wa bure kabisa, wa mtu aliyekuwa anajaribu kusaidia. Chini yake Mzee wa Hoja alikuwa ameandika: "Mtoto asipokaa, akae mama yake ajiulize. Siku hizi watu wanazaa magunia halafu wanashangaa mbona hayasimami."

Sikukumbuka kuiandika. Naapa. Huenda mashine ilikuwa inapata moto. Huenda nilikuwa nakunywa chai. Ilikuwa na nyuso mia tisa.

"Na hii ni wewe?"

"Loveness, mwanangu..."

"Nauliza tu, mama. Na hii ni wewe, au hapa ndipo walipokudukua?"

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Enock akatoa sauti kwenye mkeka, mama yake akainama akamgeuza ubavu, akamfuta mate.

"Siku hiyo nilikuwa nimeshaitoa kadi ya kliniki sandukuni," akasema, bila kuniangalia. "Nilikuwa nimeanza kuona kuwa hayuko sawa. Nikasema nikimaliza kupika nitamwambia Meshack, kesho tumpeleke mjini, tutalala kwako. Meshack akaingia ameshika simu, anacheka mpaka anashindwa kusimama. Akanisomea hiyo. Magunia."

"Sikujua. Mungu wangu anajua sikujua."

"Enock alikuwa mgongoni kwangu. Na mimi nikacheka, mama. Nilicheka kwa nguvu kumzidi, ili asimwangalie mtoto."

Nilitafuta neno. Mimi, mwenye majibu ya sayari na roboti, mwenye maprofesa waliokimbia, nilitafuta neno moja la kumwambia mtoto wangu mwenyewe uani kwake, sikulipata. Miezi miwili. Mara ngapi walichoma katika miezi miwili? Mara ngapi alipepea mkaa ule?

Loveness akaniwekea simu yangu mapajani. Akaenda ndani, akarudi amejifunga khanga safi, kitenge cha kubebea kikiwa begani na kadi ya kliniki mkononi. Akafungua kilemba, akazishika nywele za kisogoni kwa vidole, akazipima, kama anaziaga.

"Wako shuleni bado?"

"Wapo. Mpaka jioni."

Akamwinua Enock. Kichwa cha mtoto kikaenda nyuma, akakidaka kwa kiganja, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kukidaka mara nyingi. Mpaka shuleni ni kilima na mawe matupu, na mimi ni bibi yake. Nikasimama, nikanyoosha mikono nimsaidie kumbeba.

Akamhamishia bega la pili, la mbali nami, akatangulia.