Mwimo wa Rajabu

Mlango wa Sheikh Humoud ulikuwa umekwisha upande mmoja tu, na upande huo haukuwa ule uliokuwa ukimkosesha Fikirini usingizi. Wa kulia, mwimo wake mwenyewe, ulisimama pale kibandani nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Msimbazi, umechongwa toka chini hadi juu, umepigwa msasa, umepakwa mafuta, haudai kitu. Wa kushoto ulikuwa umechongwa mpaka usawa wa kifua cha mtu. Kutoka hapo kwenda juu ulikuwa mvule mtupu, na kila asubuhi Fikirini alipoingia kibandani ilimbidi autazame, kwa maana kibanda chenyewe hakikuwa na pa kugeuzia macho.

Mafundi wa nakshi wa Dar es Salaam siku zile walifanya fremu ya mlango wawili wawili. Kila mmoja alishika mwimo wake, ule ubao mnene unaosimama ubavuni mwa mlango, akaanzia chini, akapanda na majani yake taratibu, mpaka wakutane katikati ya kizingiti cha juu, penye ua la nakshi. Mwimo uliokwisha kuanzwa na mtu ulikuwa wa mtu huyo. Mwenzake hakutia patasi humo mpaka mwenyewe atamke kwa mdomo wake kwamba ameuachia. Haikuwa sheria ya Serikali wala ya dini, ilikuwa adabu ya kazi, na aliyeivunja alikuwa kama aliyemhesabu mwenziwe kuwa maiti.

Rajabu, mwenye mwimo wa kushoto, hakutamka kitu. Jumatatu moja hakutokea, na Fikirini akadhani ana homa. Jumanne akaambiwa na muuza kahawa, mbele za watu, kwamba Rajabu ameonekana mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya Serikali, amevaa kaptura ya kaki, anapiga randa milango ya nyumba za Wazungu. Milango yote sawasawa, mbao nne na kitasa, haina hata jani moja. Fikirini akacheka pamoja na wenzake pale penye kahawa, akarudi nyumbani, akakaa juu ya gogo asijue afanye nini na mikono yake.

Hakumlaumu kwa kutaka mshahara. Mkonge ulikuwa umeanguka bei, waliozoea kujenga walikuwa hawajengi, na wachache waliobaki na uwezo walitaka milango ya vioo kama ya Mzungu. Mwaka mzima ule kibanda kilikuwa kimepata kabati moja la Mhindi na huu mlango wa Sheikh Humoud, basi. Kilichomuuma ni kule kuondoka kimya. Walikuwa wamefundishwa na fundi mmoja, wakapigwa makofi na fundi huyo huyo, wakaoa mwaka mmoja, wakazikiana watoto. Mtu wa namna hiyo humwachi azisikie habari zako kwa muuza kahawa.

Miezi ikapita. Fikirini alimaliza mwimo wake, akachonga nusu yake ya kizingiti, kisha akawa hana la kufanya ila kuunoa uzembe wake. Ndipo Sheikh Humoud akaja mwenyewe, ameacha duka lake la nguo mikononi mwa mpwa wake, jasho linamtoka, akasimama mbele ya mwimo wa kushoto.

"Fundi, binti yangu Azza anaolewa. Bwana harusi anatoka Unguja na jamaa zake, Ijumaa ya mwisho wa mwezi watashuka bandarini. Nyumba yangu nimeijenga kwa mawe, nimeipaka chokaa, na mlangoni nimetundika gunia. Wakwe zangu watapita kwenye gunia?"

"Hawatapita kwenye gunia, Sheikh."

"Niahidi."

"Nimekuahidi. Alhamisi ya kabla yake, watu wakitoka sala ya adhuhuri, walete hamali."

Ahadi ilimtoka kama mtu anavyopiga chafya. Mkewe Siti, aliyekuwa akichambua mchele kizingitini, alingoja mgeni aondoke.

"Baba Zamda, umeahidi mwimo wa nani?"

"Nimesikia, Mama Zamda."

"Hukusikia, sijasema bado. Nenda Ilala ukamwombe Rajabu aseme neno lake. Neno moja. Hata kama hataki kurudi, akuachie, umalize, ulale. Usiku unageuka kitandani hata mimi nimeota kibiongo."

Akaenda. Alivaa kanzu safi, akakata mitaa kuelekea Ilala jua likipungua, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Rajabu alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkeka ukatandikwa. Mwanamize, mke wa Rajabu, akatoka na kahawa na kashata, akauliza hali ya Siti, hali ya Zamda, hali ya mimba ya Zamda, hali ya mume wa Zamda. Fikirini akauliza hali ya paa. Rajabu akasema makuti ameyabadili. Wakazungumza mvua, wakazungumza kisima kipya, wakazungumza mzee mmoja wa Mafia waliyemfahamu wote aliyefariki, Mungu amrehemu.

Kwa Fikirini, aliyeacha kazi ndiye wa kufungua mdomo kuhusu kazi. Yeye kwenda kuuliza ingekuwa kumdai mtu nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Kwa hiyo alingoja. Rajabu naye, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa mwenyeji, na mwenyeji hamwulizi mgeni amefuata nini. Mgeni husema shida yake akiwa tayari. Kwa hiyo naye alingoja. Wakangojana hivyo, watu wazima wawili wenye adabu zao, mpaka birika likaisha na magharibi ikaadhiniwa. Rajabu akamsindikiza hadi njia panda, akamshika mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema, "Karibu tena, ndugu yangu." Fikirini akasema, "Inshallah."

Siti alipomwona anarudi alisoma uso wake. Alimwekea maji ya kuoga.

Siku mbili Fikirini hakugusa kitu. Ya tatu akaketi mbele ya mwimo wa kushoto, akapiga bismillahi, akatia patasi pale Rajabu alipokomea. Alijiona mwizi, tena mwizi wa nyumbani, anayejua funguo zinapowekwa.

Kazi yenyewe ilimchosha kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Kuchonga kwake mwenyewe alikuweza hata akiwa na usingizi. Majani yake yalikuwa ya kusimama, yamebana, kila moja na adabu yake. Ya Rajabu yalilegea, yakajikunja ncha, mengine yakageuka yakatazama nyuma, na mifereji yake ilikuwa na kina upande mmoja na wepesi upande wa pili, maana Rajabu aliegemeza bega alipogonga. Ilibidi Fikirini naye aegemeze bega. Ilibidi avivie pale Rajabu angevivia, na akimbize mkono pale ambapo Rajabu hupenda kukimbiza. Jioni mgongo ulimkatika, macho yakawa yana ukungu, na shingo ikakataa kugeuka. Akawa anakula akiwa amelala ubavu, Siti akimmegea wali na kumtania kwamba kumbe yeye Siti ameolewa na mwari, si na fundi. Hakuwa na nguvu za kucheka. Alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni liishe.

Jumatano alasiri likaisha. Alimaliza nusu ya kizingiti iliyokuwa ya Rajabu, akafunga ua la kati peke yake, ua ambalo maisha yao yote walilifunga wakiwa wamekaa magoti kwa magoti. Akalipaka mafuta. Fremu nzima ilikuwa nzuri, na aliichukia.

Alhamisi asubuhi alikuwa akifagia vumbi la mbao aliposikia hodi ya kiume uani. Alidhani hamali wamewahi. Alikuwa Rajabu. Hakuvaa kaki, alivaa msuli na fulana, na mkononi alikuwa na kapu lake la patasi.

"Nimeomba ruhusa kazini mpaka Jumamosi," Rajabu alisema, hata salamu haijajibiwa vizuri. "Nimesikia wageni wa harusi ya Azza wanashuka kesho. Nikasema, nikija..."

Akauona mwimo. Aliliweka kapu chini. Akasogea, akapitisha vidole kwenye majani kutoka chini, polepole, akapanda, akafika usawa wa kifua, akasita.

"Nilikomea hapa."

"Hapo hapo."

Vidole vikaendelea kupanda. Akatafuta kiungo cha mkono wake na wa mwenziwe, akakitafuta tena, kisha akacheka kidogo kwa pua. "Hata mimi ningeapa ni mkono wangu."

Hakuwa na hasira. Fikirini alikuwa amejiandaa kwa hasira, na majibu ya hasira alikuwa nayo tele.

"Ulikuja kwangu," Rajabu alisema, bado ameupa uso ubao. "Ukanywa kahawa, ukaondoka."

"Nilikuwa nangoja utamke."

"Mgeni ndiye husema shida yake, Fikirini."

"Na aliyeacha kazi ndiye hutamka."

Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo haikuwafaa kitu. Rajabu aliinama akachukua kapu lake. "Basi, umefanya vizuri. Umepata haki yako kwa Sheikh, na mimi sina deni tena hapa. Msalimie Siti. Nikienda sasa nitawahi nusu ya siku kazini."

Fikirini akaona jinsi itakavyokuwa. Watakutana msikitini, watapeana mikono, wataulizana hali za watoto, kama wakwe walioachanishwa na talaka. Hakuna atakayemsema mwenziwe vibaya. Watazikana kwa heshima. Hilo lilimtisha kuliko matusi, na alipojiuliza ni nini alichokuwa akikililia miezi yote ile, aliona haukuwa mlango. Alikuwa akimlilia mtu huyu, ambaye sasa alikuwa ameshaupa mgongo kibanda.

Mwili wake wote ulitaka kulala. Hamali walikuwa njiani. Uani Siti alikuwa ameshawasha moto amchemshie maji ya kujikanda. Fikirini akaokota patasi na nyundo ya mti, akaiweka patasi kwenye ua la kati, penye petali ya juu, akapiga pigo moja. Kipande cha mvule kikaruka, kikaanguka kwenye vumbi alilokuwa amelifagia.

Rajabu aligeuka. "Umefanya nini?"

"Mkono umeteleza."

"Mkono wako?"

"Umeteleza, Rajabu. Nimechoka." Katika yote aliyoyasema asubuhi ile hilo ndilo lilikuwa kweli tupu. Akakaa chini palepale. "Ua lote itabidi lishushwe kina. Na likishushwa, majani ya pembeni nayo yashuke, huku kwangu na huko kwako. Peke yangu siwezi. Sikuweza tangu mwanzo, nilikuwa nafanya tu."

Rajabu alilitazama ua, akamtazama mwenziwe, akalitazama ua tena. Alikuwa fundi, alijua patasi iliyoteleza huacha jeraha la namna gani, na hili halikuwa lenyewe.

Nje mkokoteni ukasimama na hamali wakapiga hodi, wamewahi kweli. Siti alichungulia kibandani akiwa na ukaya, kitambaa chake cha kichwani, mkononi, akaona kipande chini, akawaona wanaume wawili.

"Niwaambieje?"

"Waambie warudi Jumamosi," Fikirini alisema.

"Wakwe wa Sheikh wanashuka kesho. Sheikh je?"

"Nitakwenda mwenyewe nikatukanwe."

Rajabu alikuwa ameshavuta gogo lake la zamani kutoka pembeni, akalipangusa kwa kiganja, akaketi upande wake wa kizingiti, goti lake likagusa goti la mwenziwe.

"Tutakwenda sote," alisema, akitoa kapuni bobari, patasi yake ya kuchimbia mifereji. "Mama Zamda, tuletee kahawa kwanza. Na wewe, sogea, unaniziba mwanga."