Kifua Kilichozijua Dawa

Asubuhi hiyo katika zahanati ya Daktari Tan Guizhen, mjini Liutang, watu kumi na mmoja walikuwa wametundikiwa dripu. Aliyeumwa kweli alikuwa mmoja. Wengine walikuwa na mafua tu, na mtu wa Liutang akishikwa na mafua hakubali kurudi nyumbani bila chupa ya antibiotiki. Walikaa vitini wakibangua mbegu za alizeti na kusengenya.

Aliyeumwa ni Yutong, miaka sita, mjukuu wa Bibi Ou. Nimonia ilikuwa imemkaba kwa siku ya tano. Daktari alipofungulia dripu, vijidudu vya kifuani vilianza kuisalimu dawa kwa sauti nyembamba.

"Karibu, shemeji. Tangu mafua ya mwaka jana! Za huko?"

Daktari akabadilisha dawa. Hiyo nayo ikakaribishwa kwa jina.

"Vina adabu," alisema mama wa kiti cha pili.

"Vimefunzwa," Daktari Tan alisema. "Bibi, mtoto akipiga chafya, wewe dripu. Homa ikishuka, dawa zilizobaki unazificha kwenye kopo la biskuti. Umevisomesha mpaka vimehitimu."

"Na mwalimu mkuu ni nani? Si wewe uliyekuwa ukimtundikia?"

Daktari aliitikia kwa kichwa, maana ukweli ndio huo.

Bibi Ou aliinamia kifua cha mjukuu wake akavisihi vitoke. Vikamjibu kwa upole kwamba hapo ni kwao. Midomo ya Yutong ilipoanza kuwa ya bluu, bibi alilia mbele ya watu wote, wala hakujifuta.

Mchana ililetwa dawa ya akiba kutoka hospitali ya wilaya, ile inayofungiwa kabatini. Iliposhuka, kifua kilinyamaza.

"Huyu sasa ni nani?" sauti moja iliuliza.

Siku ya tatu sauti zote zilikuwa zimekwisha, na Yutong akaomba tambi za mchele zenye pilipili.

Bibi Ou alikuwa anamlisha mjukuu wake, ndipo Fang, fundi vigae, akaingia, kamasi zikimtoka. "Daktari, nami nitundikie hiyo visiyoijua vijidudu."

"Fang, hiyo iache hivyo hivyo, isijulikane," Bibi Ou alisema. "Kanywe maji ya tangawizi ukalale."

Daktari naye akakataa. Fang alivuka barabara hadi zahanati ya jirani, na punde akaonekana dirishani, chupa ikining'inia juu ya kichwa chake.

Bibi Ou alimpa mjukuu kijiko, akavaa viatu, akavuka kumfuata, aitundue ile chupa.