Hatua za Mwalimu Kalinga huko Kaole

Mwaka 1975 mwalimu wetu mkuu, Jailos Kalinga, alitupeleka Bagamoyo kujifunza historia ya pwani. Nasema alitupeleka kwa sababu hivyo ndivyo alivyopenda isemwe. Barua ya mwaliko ilimtaka mwalimu wa historia, na katika shule yetu ya Ilula mwalimu wa historia nilikuwa mimi, Tekla. Wa tatu alikuwa Marcelino wa hesabu, mtu asiyekuwa na neno lake mwenyewe. Alilosema mkuu, yeye aliitikia.

Kalinga hakuwa ameiona bahari hata siku moja, lakini alikwisha kuihukumu. Alibeba unga wake wa mahindi kutoka nyumbani, na kuanzia Mikumi hadi Dar es Salaam alitueleza habari za watu asiowajua.

"Wanashinda barazani wakingoja nazi ianguke," alisema. "Sisi tulipigana na Mjerumani, wao walimpikia."

Marcelino alicheka. Maneno yaliporudiwa mara ya nne, alicheka tena.

Bagamoyo tulilala katika darasa la shule moja. Jioni wenyeji walituletea wali wa nazi na pweza. Nilikula mpaka nikaona haya. Kalinga alilisukuma sinia kwa kidole kimoja, akasema yeye hali wadudu, akataka asongewe ugali kwa unga wake. Akasongewa, akala peke yake upande wa ubaoni, ametupa mgongo.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Kaole kwenye magofu. Aliyetuongoza aliitwa Bi Mwanakheri, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alituonyesha msikiti wa mawe na makaburi yenye nguzo. Akaeleza kuwa hapo zamani palikuwa mji wa biashara, na vyombo kutoka ng'ambo vilitia nanga karibu. Nilikuwa nimefundisha habari hizo miaka sita kutoka kwenye kitabu chenye picha moja. Nikaweka kiganja juu ya ukuta. Matumbawe yake yalikuwa makavu na yenye vitundu vidogo, kama mkate ulioumuka vizuri, na nikatamani darasa langu lote lingekuwa pale.

"Bahari iko wapi?" Kalinga aliuliza.

"Nyuma ya mikoko ile, mwalimu wangu. Siku hizi matope yamejaa, pwani imesogea mbali."

"Kwa hiyo meli zilitembea kwa miguu."

Marcelino akacheka. Bi Mwanakheri alingoja amalize, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke.

Kalinga akasema atapima mwenyewe. Atahesabu hatua kutoka kwenye makaburi mpaka majini, kisha atawaandikia wanaofundisha uongo huu.

"Usiende sasa," mama alimwambia. "Leo ni bamvua. Maji yakianza kujaa yanakuja kwa haraka, na ndani ya mikoko huyaoni mpaka yamekufikia."

"Mama, mimi nimevuka Ruaha wakati wa masika."

Akaingia kwenye mikoko na viatu vyake vyeusi, akihesabu kwa sauti. Tulimsikia akifika mia mbili na kitu. Baada ya hapo hatukumsikia. Tulikaa muda mrefu, na vijito vya maji vikaanza kupenya kati ya mizizi. Ndipo alipoita. Hakuita jina la mtu. Alikuwa anaita tu.

Bi Mwanakheri alikwisha kuvua viatu. Aliwapigia kelele wanawake wawili waliokuwa wakiokota kome upande wa pili, wakaingia wote watatu, nami nikawafuata. Marcelino alibaki makaburini. Alisema lazima mtu alinde mizigo.

Tulimkuta Kalinga amezama matopeni mpaka mapajani, maji yamefika kiunoni. Kila alipojivuta alizidi kuzama. Wanawake wale walikata matawi, wakayatandika mbele yake.

"Lala kifudifudi, mwalimu," Bi Mwanakheri alisema. "Usisimame. Lala, utambae."

Alilala. Tulimshika mikono tukamvuta polepole, maji yakitupanda mapajani, mpaka tope likamwachia. Viatu vilibaki huko, na suruali pia. Mmoja wa wale waokota kome alimfunga khanga yake kiunoni, akageuka upande ili asimtazame.

Kalinga hakusema ahsante. Alipokanyaga ardhi kavu alisema, "Mngeweka kibao."

Niliwashukuru mimi kwa niaba yake, nikaona jinsi shukrani ya mtu mwingine isivyotosha.

Tuliporudi Ilula aliitisha mkutano wa wazazi. Akasimama na suti, akasema pwani hakuna historia, kuna mawe na uvivu. Akaongeza kwamba Mwalimu Tekla kwa ubishi wake alizama kwenye matope ya bahari, na kama si yeye kumvuta, leo wangekuwa matangani.

Nilimtazama Marcelino. Alikuwa anakagua kucha zake.

Nikasimama. Sikupaza sauti. Niliwaeleza wazazi yote kwa mpangilio: bamvua, matawi, kulala kifudifudi, wanawake watatu, suruali. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Mama mmoja wa nyuma akauliza tu, "Wale kina mama mliwashukuru?" Kalinga akafunga mkutano.

Mwezi wa pili baada ya mkutano barua ikaja. Nimehamishiwa Idodi, kwa sababu ya utovu wa nidhamu mbele ya wazazi. Nikafunga masanduku.

Idodi nilianza upya na darasa la sita. Siku moja ya Jumamosi Marcelino alikuja kwa baiskeli, ametapakaa vumbi. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Dada Tekla, nilitaka kusema siku ile. Unajua mkuu alivyo."

"Namjua," nilimwambia. "Yeye alikuwa mjinga, Marcelino. Wewe ulikuwa unajua."

Nilimpa maji ya kunywa, kwa kuwa njia ni ndefu. Alipomaliza nilipokea kikombe, nikarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi, naye akakaa kidogo pale mlangoni akingoja akaribishwe, kisha nikasikia baiskeli ikiondoka.