Tumbo Linaloombewa

...na huyu Millicent naye mkono wake unanuka vitunguu, ameuweka hapa juu ya kitovu changu, na mama mkwe ameuweka wake chini kidogo, mzito, wa moto, na mimi nimefumba macho katikati ya nyumba yangu mwenyewe hapa mtaa wa Jericho naombewa mimba ambayo sina... tunakushukuru Baba kwa hii tunda, anasema Millicent, yeye ndiye kiongozi wa kina mama wa ushirika wa kanisa, na Mama anaitikia asante Yesu, asante, na kichefuchefu kinapanda tena, nimeze mate, nisitapike sasa jamani, nikitapika sasa watapiga vigelegele. Ndiyo shida yenyewe, kutapika. Mtu akitapika asubuhi ana mimba, basi, hakuna sababu nyingine duniani, Mama alinikuta juzi nimeinamia karai akaondoka, akarudi kutoka soko la Gikomba na odowa, yale mawe laini wanayotafuna wajawazito, akanitilia mkononi, akalia. Kwa furaha. Mama aliyetoka Bungoma kuja kuangalia kwa nini mke wa mwanawe halali wala hacheki, na mimi ningemwambia palepale, Mama, si mimba, ni dawa, lakini Simiyu, bwana wangu na hekima zake, akanivuta jikoni, nyamaza tu kidogo, wacha mathe afurahi, ukimwambia ni dawa ya kichwa kesho kijiji chote kinajua... nyamaza tu kidogo, kana kwamba mimba ni kitu cha kungojea kipite, mwezi wa sita nitajifunga mto, au? ...umefungua tumbo Baba, hii tumbo umeigusa... tumbo, tumbo, wangejua huko tumboni kuna nini. Daktari Mativo alinieleza bila haraka, yule ana subira, akasema hiyo serotonini, kemikali ya mwili tunayoitafutia kichwa, sehemu kubwa kabisa iko matumboni, ndiyo inayosaidia chakula kusukumwa kishuke, na nyingine inabebwa na damu ili ukijikata igande, kichwani iko kidogo tu, ya usingizi na hamu ya kula na moyo kutulia, nikamwuliza sasa kitu kimoja kinafanyaje kazi zote hizo, akasema ni vipokezi, mama, kama masikio ya kuisikia, viko vya aina nyingi na kila mahali pana vyake, fikiria king'ora cha pale kiwandani kwa bwana wako, kinalia kilekile, mmoja anaingia kazini, mwingine anatoka kwenda kulala. Na hii dawa inafanya kile king'ora kisizimwe haraka, tumbo linasikia kwanza, linalalamika, unatapika, kichwa kinachukua wiki kadhaa kujipanga, kwa hiyo usiache katikati. Usiache katikati, rahisi kusema, yeye haombewi. Leo sikumeza. Nilikitazama kidonge nikakirudisha, nikajiambia nikiacha dawa, kutapika kutakoma, Mama atadhani mimba imetoka, atalia, atarudi nyumbani, hakuna atakayeniuliza lolote, na mimi nitarudi pale nilipokuwa... pale kitandani, natazama ukuta mpaka Simiyu atoke zamu, na wala si huzuni, watu wanadhani ni huzuni, afadhali ingekuwa huzuni, hakukuwa na kitu, Nabiswa wangu wa miaka minne ananivuta gauni, mama nasikia njaa, na mimi namsikia kama redio ya nyumba ya pili. ...na ukipenda Baba utupe kijana, utupe Masinde... ah, hilo amelisema Mama mwenyewe, sauti imemkatika, Masinde ni marehemu mumewe, kumbe jina limeshatolewa, na kwao jina la mzee halichezewi, likitajwa hivi ni kama mzee mwenyewe yuko njiani anakuja, sasa nani atamwambia mzee haji? Simiyu? Simiyu yuko kazini, Simiyu yuko kazini kila kukiwa na la kusema, nimemchoka, nimewachoka wote, na huyu Millicent asiyejua ombi linaishia wapi, ameshaombea wakunga, sasa anaombea shule ya mtoto, na huko nje Nabiswa analia, jirani Njoki anamsuka pale mlangoni, amemsuka tangu Krismasi kwa sababu mimi mikono haikuwa inanyanyuka, tulia Nabi, si ni wewe ulisema unataka laini ndogo ndogo za nywele, na anamvuta utosini, kila mara anaanzia utosini, mtoto yule ana utosi mwepesi wa kuuma, unaanzia kisogoni, polepole, unampa kitu cha kushika, huyu mwanamke ana mikono ya kukamua nguo... ngoja. Ngoja kidogo. Namsikia. Mtoto analia na inaniuma hapa, kweli inaniuma, na nina hasira, mimi, ambaye mwezi uliopita nyumba ingeshika moto ningeomba tu wanifungie mlango. Sijakasirika hivi tangu lini? Sijui, lakini hii ni hasira, ninaijua, nilikuwa nayo zamani, walikuwa wananitania kwayo mimi, eti Ayuma na ulimi wake... basi kichwa nacho kimeanza kusikia, kidogo kidogo, na mimi leo nilitaka kukinyamazisha ili watu wasiaibike. Kidonge cha leo bado kipo, siku haijaisha. ...bado Baba, bado hatujamaliza, anasema Millicent, na kweli hawajamaliza, wamenishika vilevile, nimefumbua macho na hakuna aliyeniona, Mama machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hayafuti, ni mama mzuri, hilo ndilo linaloniudhi zaidi, angekuwa mkorofi ingekuwa kazi nyepesi. Nitamuumiza, na nitamshika mkono huku namuumiza. Wakisema tu amina nitamwambia, Mama, Masinde hayumo humu, nilikuwa mgonjwa, aliye njiani anarudi ni mimi, naomba unipokee mimi, halafu nitoke hapo nje nikamwambie Njoki asante, leo namsuka mwenyewe.